Sindano ya Hamira

Jina la Hamira alipewa ujanani, wiki ile ile aliyoanza kazi bekari, kwa sababu popote alipokaa palikuwa hapachelewi kuumuka vicheko. Jina likamganda. Akaoa nalo, akazaa nalo, akazeeka nalo, na sasa alikuwa mwokaji mkuu, mtu wa mabega mapana na viganja vipana, ambaye alijua kwa kunusa tu kwamba mkate umeiva. Bekari nzima ilimheshimu kwa kazi na kumwogopa kwa mdomo, maana ukimtania kimoja anakurudishia vitatu.

Ndiyo maana joto lilipoanza hakuna aliyelitambua, hata yeye mwenyewe. Mtu anayeshinda mbele ya tanuri atashangaaje kutokwa jasho? Lilianzia kifuani, likapanda shingoni mpaka masikioni, kama vile kuna mtu amemmwagia maji ya moto kwa ndani. Likipita linamwacha anatetemeka. Alijifuta kwa aproni, akaendelea na trei zake.

Siku aliyoshtuka hakuwa kazini. Ilikuwa Jumapili ya mvua, wamekaa sebuleni na jirani aliyekuja kuwasalimia, kila mtu amejikunyata ndani ya sweta. Shati la Hamira likalowa mgongo mzima.

"Mbona jasho hivyo, mzee mwenzangu?" jirani akauliza.

Kabla Hamira hajafungua mdomo, mkewe akadakia. "Huyu ameshazoea tanuri. Akikaa mbali nalo mwili unajipasha wenyewe."

Wakacheka wote. Hamira naye akacheka, na hakuona ajabu yoyote kwamba mkewe alikuwa na jibu tayari.

Miezi kadhaa nyuma alikuwa ameugua. Mkojo ulianza kumgomea, akawa anasimama chooni kama mtu anayesubiri mgeni asiyefika. Binti yake wa kwanza, ambaye ni muuguzi katika hospitali nyingine, ndiye aliyemshika mkono akampeleka kupimwa. Majibu yakasema saratani ya tezi dume. Hamira alilipokea neno hilo ameketi, akaomba maji, akanywa, akasema, "Haya. Tunafanyaje?" Hakupepesa macho, ingawa alikuwa na sababu. Kaka yake mkubwa aliugua ugonjwa huo huo. Alipoambiwa kwamba tiba ni upasuaji utakaomwondolea uanaume, alichukua kofia yake akatoka, akisema afadhali afe dume. Akafa kweli, polepole, na mke wa Hamira alikuwa mmoja wa waliomuuguza.

Siku ya kuanza matibabu, daktari kijana alifungua mdomo aeleze dawa yenyewe. Binti akamkatiza kwa upole. "Daktari, mimi ni muuguzi. Mengine nitamweleza mzee nyumbani, taratibu." Nje kulikuwa na foleni ndefu. Daktari akashukuru kupunguziwa kazi.

Garini Hamira akauliza, "Hii sindano inafanya nini hasa?"

"Inaunyima uvimbe chakula, Baba. Utachomwa tumboni kila baada ya miezi mitatu. Basi."

"Madhara je?"

Binti alikuwa anatazama barabara. "Utachokachoka kidogo."

Hamira akaridhika. Kesho yake alitamba bekari kwamba kusomesha mtoto ni kujichimbia kisima uani.

Kisha mwili ukaanza kumponyoka. Kile cha watu wawili mlango ukishafungwa kilizimika, na hakikuzimika kama moto unaofifia, bali kama taa iliyozimwa na mtu. Hata hamu yenyewe haikuwepo. Alimtazama mkewe akivua kitambaa cha kichwa, kitendo ambacho kwa miaka yote kilimfanya asahau alichokuwa anasema, na sasa akawa anaona mwanamke anavua kitambaa. Mwanzoni alisingizia uchovu. Halafu kifua kikaanza kuvimba na kuuma, hata kamba ya aproni ikimgusa anajikunja. Akawa anavaa fulana mbili ili watu wasione. Mikono ikalegea, tumbo likatangulia mbele. Siku moja timu yake ilishinda, na badala ya kushangilia, akajikuta analia mbele ya redio kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Bekari, shemeji yake, mdogo wa mkewe, anayesimamia mashine ya kukandia, akaanza tabia mpya. Kila Hamira akiinama kwenye gunia la unga, huyo anatokea. "Acha, shemeji, hilo langu." Hamira akadhani ni adabu. Akawaambia wenzake, "Mnaona? Huyu ndiye shemeji. Ninyi wengine mmeoa kwa watu gani?"

Lakini nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha. Kilichomtesa zaidi ni upole wa mkewe. Hakuuliza kitu. Hakununa, hakulalamika, hakumgusa wala hakumsukuma. Hamira akigeukia ukutani, na yeye anageukia upande wake. Hamira akaanza kujiuliza: mwanamke mzima, mwenye damu mwilini, mume anamlaza hivi hivi msimu baada ya msimu, naye yuko kimya? Aliyeshiba ndiye asiyeuliza chakula. Wazo hilo likaingia kama mchwa. Akawa anamuuliza alikuwa wapi, na nani, mbona amechelewa. Siku moja alimfuata kwa mbali mpaka kwa fundi cherehani, akasimama nyuma ya kibanda akichungulia kama mwizi, akaona mkewe anapimwa gauni na mama mmoja mzee. Akarudi nyumbani anajichukia. Wiki iliyofuata akahamishia mto wake chumba cha zamani cha binti, akisingizia joto. Mkewe akamtandikia shuka safi.

Ndipo alipokwenda sokoni kwa muuza dawa za nguvu. Akapewa unga wa kahawia ndani ya kopo, na maneno mengi. Nyumbani alisema ni dawa ya mgongo. Mkewe alilipokea kopo, akalinusa, akasema, "Nitakuwa nakuwekea kwenye maziwa." Na kila asubuhi akamwekea. Anakoroga, anampa kikombe kwa mikono miwili, anasimama mpaka amalize. Hamira anakunywa na kusubiri, na hakuna kilichoamka.

Siku ya sindano ya tatu binti alikuwa zamu, kwa hiyo Hamira akaenda peke yake. Kwenye benchi la kusubiria akakaa karibu na mzee mmoja mwembamba aliyekuwa anajipepea kwa gazeti kwa nguvu zote, ingawa dirisha lilikuwa wazi na upepo unaingia. Mzee alijitambulisha kwamba zamani alikuwa mwamuzi wa mpira, na mpaka leo watu wanamwita Refa.

"Na wewe ni wa sindano ya tumbo?" Refa akauliza.

"Ndiyo."

"Basi karibu kwenye timu ya majoto. Mimi hili la sasa ni la tatu tangu asubuhi. Mke wangu anasema akiniweka jikoni atapunguza matumizi ya mkaa."

Hamira akacheka kwa mazoea, kisha akaacha. "Unasema joto linatokana na sindano?"

"Litokane na nini kingine? Joto, tumbo, matiti," Refa akajigonga kifuani bila haya, "na kule chini mechi imeahirishwa. Si ulielezwa?"

Refa akamtazama usoni, gazeti likaacha kupepea.

"Ndugu yangu," akasema taratibu, "hukuelezwa?"

Safari hii daktari alikuwa mama wa makamo. Hamira hakupanda kitandani. Alisimama akauliza, "Nielezeni hii sindano inafanya nini. Nielezeni kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa kitu."

Daktari akashangaa. "Tulijua binti yako alikueleza."

"Nielezeni."

Basi mama yule akavuta kiti akamweleza. Kwamba mwilini mna homoni ya kiume, ndiyo inayompa mwanamume ndevu, misuli, na hamu. Kwamba saratani ya tezi dume huishi kwa kuila homoni hiyo hiyo. Ubongo ndio unaotuma ujumbe kule chini kwamba itengenezwe, na sindano huuchokoza ujumbe huo mfululizo mpaka mwili unaacha kuusikia. Ndiyo sababu mwanzoni alipewa na vidonge, kwa kuwa siku za kwanza homoni hupanda kabla ya kushuka. Ikishashuka, saratani inashinda njaa. "Lakini homoni hiyo haikuwa ya saratani peke yake, mzee. Ilikuwa na kazi zake nyingine kwako, na zote zinasimama." Akazitaja: joto, uchovu, kifua kuuma, misuli kupungua, huzuni isiyo na sababu, mifupa kuwa myepesi, sukari kupanda, na unyumba. Akasema si kila mtu hupata yote, na kwamba mengi yana namna ya kupunguzwa: mazoezi, dawa za mifupa, dawa za joto, hata ushauri kwa mke na mume wakija pamoja. "Ungeuliza tungekusaidia mapema."

"Ningeulizaje nisichokijua?"

Daktari akainamisha macho. "Kweli. Hilo ni kosa letu."

Kisha akamuuliza kama ametumia dawa yoyote ya pembeni. Hamira akataja ule unga. Sura ya daktari ikabadilika. Akasema baadhi ya dawa hizo hutiwa homoni ile ile wanayoizuia, na hakuna ajuaye kilichomo. Damu ikapimwa. Ikaonekana ugonjwa bado umelala.

"Panda sasa nikuchome."

"Leo sichomwi," Hamira akasema. "Nitarudi."

"Isipite wiki. Uvimbe haujui hasira zako."

Alipofika nyumbani hakupiga kelele. Alimpigia binti simu aje akitoka zamu, akakaa mezani akisubiri. Mkewe alimwona uso akajua. Hakuuliza kama amechomwa. Akavuta kiti akakaa mbali kidogo, mikono mapajani. Binti alipofika, bado ana sare, alisimama mlangoni kama aliyeitwa na mwalimu.

"Kaa," Hamira akamwambia. "Nani mwenye wazo?"

"Mimi," mkewe akasema.

"Si yeye, Baba. Mimi ndiye niliyemkatiza daktari."

"Ulimkatiza kwa sababu gani?"

Binti alikuwa anazungusha saa yake mkononi. "Ningekuambiaje mimi maneno yale? Mimi ni mwanao. Ningekutazama usoni nikakuambia kwamba wewe na Mama... Nilimweleza Mama, nikajua atakuambia."

"Hapa nyumbani ni mwanangu. Kule ulisema wewe ni muuguzi. Kwa hilo neno ndiyo daktari alinyamaza." Akamgeukia mkewe. "Na wewe?"

Mkewe akavuta pumzi. "Nilimlisha kaka yako kwa kijiko. Nilimgeuza kitandani. Alikuwa analia usiku na bado anasema afadhali hivyo. Wewe na yeye ni damu moja, na kiburi kimoja. Ningekuambia ungechukua kofia ukatoka."

"Huenda ningetoka."

"Ndiyo hivyo."

"Lakini ningetoka mimi," Hamira akasema. "Kwa miguu yangu. Au ningekaa, pia mimi. Hukunipa hata nafasi ya kukaa."

Akaendelea, sauti ikishuka. "Mimi nimekuwa nikidhani una mtu. Nilikufuata mtaani. Ulijua?"

"Nilikuona kwa fundi cherehani. Viatu vyako vilikuwa vimetokeza."

"Ukaniacha niendelee kufikiri hivyo?"

"Niliona afadhali uniwazie mabaya ukiwa hai."

Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo ndio uliomuuma kuliko uongo wote. Maana yake ni kwamba alimwona akisagika siku hadi siku, akapima, akaona inafaa.

"Na ule unga wa mgongo? Ulijua si wa mgongo."

"Nilijua tangu niliponusa."

"Ukanikorogea kila asubuhi. Daktari anasema ungeweza kuniua."

"Nilimwaga kopo lote siku ile ile," mkewe akasema. "Nilikuwekea tangawizi na mdalasini."

Kopo lile ndilo kitu pekee ambacho Hamira alijiamulia mwenyewe kwa siri yake katika miezi yote ile. Lilikuwa la kijinga, ndiyo, lakini lilikuwa lake. "Kumbe hata ujinga wangu mliniibia," akasema.

Binti alianza kulia. Hamira akauliza swali la mwisho. "Nani mwingine anajua?"

Mama na binti wakatazamana.

"Nimeuliza."

"Mdogo wangu," mkewe akasema kwa shida. "Nilimwambia asikuache ubebe magunia. Kwa ajili ya mifupa."

Hapo ndipo Hamira aliponyanyuka. Yale mengine aliyapokea ameketi. Lakini kwamba kijana yule wa mashine alisimama kando yake kila siku, anamwona akijisifu, huku anajua habari za kitandani mwake, hilo lilimkata. Aliingia chumba cha binti, akafunga mlango.

Kesho yake bekari alifanya kazi bila mzaha hata mmoja, na watu wakadhani amefiwa. Shemeji alipokuja kwenye gunia na "acha, hilo langu," Hamira akamwambia, "Dada yako ameshaniambia yote." Kijana akasimama na gunia begani, hajui aliweke wapi. "Shemeji, aliniapisha." Hamira akasema anaelewa, kiapo ni kiapo, ila kuanzia leo waitane kwa kazi tu. Nyumbani alikataa maziwa. Alijichemshia chai yake mwenyewe, akanywa amesimama.

Katikati ya wiki alikwenda kumtembelea Refa, aliyekuwa amemwachia namba. Alikuta madirisha yote wazi, mke wa Refa amejifunga blanketi sebuleni, anamkaripia mumewe.

"Mgeni, karibu kwenye barafu. Huyu bwana tangu aanze hiyo sindano mimi nalala na soksi."

"Ananikosesha raha huyu, usimsikilize," Refa akasema.

"Raha ipi? Sasa hivi usiku tunapiga soga tu kama wanafunzi wa bweni."

Wakacheka wote wawili, na Refa akamwekea mkewe blanketi vizuri mabegani. Walimsimulia Hamira mambo yao bila kuficha, jinsi walivyogombana mwanzoni, jinsi Refa alivyolia, walivyokwenda kwa daktari pamoja, na mambo ambayo bado yanawashinda. Hamira alikunywa chai yao mpaka tone la mwisho. Alikuja kutafuta ujasiri, akaondoka na wivu. Hakuwaonea wivu afya, maana Refa alikuwa mgonjwa kuliko yeye. Aliwaonea wivu ugomvi ule wa mwanzoni. Yeye na mkewe walikuwa na haki ya ugomvi huo, na wakanyimwa.

Wiki haijaisha akarudi hospitali. Binti alipiga simu akitaka kumsindikiza, Hamira akamwambia, "Njoo ukitaka, lakini utakaa nje." Akaja, akakaa nje. Daktari mama alimuuliza kama ameelewa anachokikubali. Hamira akarudia yote kwa mdomo wake, homoni, joto, mifupa, unyumba, na hakuruka hata lile gumu. Kisha akasema, "Kaka yangu alikataa akijua. Mimi nakubali nikijua. Nichome." Akapanda kitandani, akavuta fulana zote mbili juu mwenyewe. Wakampima na mifupa.

Alipotoka, binti alisimama. "Baba, nisamehe."

"Nimekusikia," Hamira akasema. Wakatembea mpaka kituoni bila kushikana mikono, ila alipunguza mwendo ili wawe sambamba.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mbele. Alipomwona alisimama, akapangusa mikono isiyokuwa na kitu. "Daktari amesema nini?"

Hamira alikuwa na jibu fupi mdomoni. Amesema niko sawa. Lilikuwa jepesi, na lingemlaza mkewe salama usiku huo. Aliliacha lipite.

"Amesema mifupa ya nyonga imeanza kuwa myepesi. Nitaanza dawa. Nisianguke, nisibebe vizito. Ugonjwa bado umelala, lakini hawezi kuniahidi mpaka lini. Na yale mengine hayatarudi maadamu nachomwa, labda hata baadaye."

Mkewe alifunika uso kwa kitambaa akalia. Alilia kwa sauti, pale nje, majirani wakisikia. Hamira hakumfuta machozi. Hakuwa nayo huruma hiyo bado, na hakutaka kuiigiza. Alikaa kwenye ngazi, upande wa pili, akaweka mfuko wa dawa katikati yao.

"Uliza lolote," akamwambia. "Nitakujibu."

Mkewe akapangusa uso kwa kitambaa. Kisha akauliza, sauti ikikwama, iwapo kifua kinamuuma sana mumewe. Hamira akamwambia kinauma, hasa upande wa kushoto.